UZI: Presha ya boila inashuka kila baada ya siku chache na hakuna tone la maji ninaloliona; tatizo liko wapi?

#1 Mbayuwayu
Salaam wanajukwaa. Naishi Reading, kusini mwa Uingereza, katika nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa miaka ya 1970. Sakafu ya chini ni ya zege na ya juu ni ya mbao. Boila ni ya kombi, ile inayopasha maji ya rediata (vyuma vya ukutani vinavyotoa joto vyumbani) na maji ya bombani bila kuwa na tangi la akiba, nayo imefungwa ukutani jikoni. Naijaza ikiwa baridi hadi presha ya baa 1.5, lakini baada ya siku chache mshale wa geji unakuwa chini ya 0.5, boila inajizima yenyewe, na watoto wanaamka nyumba ikiwa kama friji. Nimepangusa viungo vyote vya rediata kwa karatasi ya shashi na havikuwa na unyevu. Dari ya sebuleni nayo ni kavu. Fundi wa kwanza alijaza maji, akachukua ada ya kuitwa, akaondoka. Wa pili alitazama kwa muda mfupi akasema ninunue boila mpya. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba wenye uzoefu wanieleze maji haya yanakwenda wapi.

#2 Fundi Kisiki
Ndugu Mbayuwayu, usinunue chochote bado. Nafanya kazi hii Birmingham, na kesi ya namna yako huletwa kila Oktoba watu wanapowasha boila baada ya kiangazi. Mfumo uliofungwa hukaa kati ya baa 1 na 1.5 ukiwa baridi, na ukipata moto hupanda kuelekea baa 2. Ikifika baa 3, valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje kupitia bomba dogo la shaba linalotoboa ukuta. Kwa hiyo nijibu mambo mawili: rediata zikiwa za moto kabisa, mshale unasimama wapi, na bomba hilo la nje liko upande gani wa nyumba? Bila majibu hayo, anayekutajia tatizo anabahatisha.

#3 Chepe wa Kimara
Wakuu, huku Dar sisi tunalipa umeme ili nyumba ipoe, ninyi mnalipa gesi ili ipate joto. Mungu ana mizani yake. Nina swali la kweli lakini. Pampu yangu ya maji ina tangi dogo la presha lenye mpira ndani, upande mmoja hewa na upande mwingine maji. Hewa ilipoisha, pampu ikawa inawaka na kuzima kila ukifungua koki kidogo, na mshale wa geji unarukaruka. Je, hiyo boila haina tangi la aina hiyo?

#4 Sayari7
Naona mnazunguka. Sakafu ya zege ya miaka ya 1970 inatosha kuwa jibu. Wajenzi wengi walilaza mabomba ya shaba ndani ya zege bila kuyafunga kitu chochote, na saruji yenye unyevu huila shaba taratibu hadi inatoboka tundu la sindano. Kwangu Luton hakukuwa na maji yaliyoonekana hata siku moja, kwa sababu yalikuwa yakinyonywa na udongo ulio chini ya sakafu. Dalili pekee ilikuwa sehemu ya zulia karibu na ngazi ambayo ilikuwa vuguvugu hata baada ya rediata ya pale kufungwa. Aliletwa mtu mwenye kamera ya joto, akapata mahali hasa. Ndugu Mbayuwayu, soma bima yako ya nyumba, maana baadhi ya bima hulipia gharama ya kutafuta uvujaji na kuvunja sakafu, ingawa bomba lenyewe huwa hazilipii.

#5 Mama Tumu
Asante kwa uzi huu. Mimi ni mpangaji Leicester na kwetu ilikuwa ile valvu ya usalama anayoisema Fundi Kisiki. Njia ya kuipima ni rahisi kiasi cha kuchekesha: funga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa lile bomba la nje, uukaze kwa mpira, kisha uutazame kesho yake asubuhi. Mfuko ukiwa na maji, valvu inapitisha. Mwenye nyumba alitaka nilipe mimi, nikamwonyesha kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985, kinachomtaka yeye atunze vifaa vya kupasha nyumba na maji. Hakubishana tena. Mkiita fundi, dai kwanza kadi yake ya CORGI.

#6 Fundi Kisiki
Dada Mama Tumu, mengine yote ni sawa, ila CORGI si chombo cha usajili wa mafundi wa gesi tena. Tangu tarehe 1 Aprili 2009 orodha rasmi ni ya Gas Safe, na kadi ina picha ya fundi mbele, na nyuma aina za kazi anazoruhusiwa. Soma upande wa nyuma, kwa kuwa mtu anaweza kuruhusiwa jiko la gesi lakini si boila.

Chepe, tangi hilo lipo, na swali lako limetangulia jibu langu. Linaitwa tangi la upanuzi. Katika boila nyingi za kombi ni chombo chekundu au cha kijivu kilichofichwa nyuma, chenye ujazo wa lita 8 hivi, na hewa yake hutiwa kwa valvu kama ya tairi, kwa kawaida kati ya baa 0.75 na 1.

#7 Mbayuwayu
Nashukuru. Majibu: rediata zikiwa za moto kabisa mshale unafika 2.8, nadhani hata kupita kidogo. Bomba la nje liko nyuma ya pipa la taka. Matofali yaliyo chini yake yana doa jeupe lililoteremka hadi chini. Nilidhani ni chumvi ya ukuta tu.

#8 Fundi Kisiki
Doa hilo na hiyo 2.8 vinaelekea upande mmoja. Maji yakipashwa hutanuka, na pasipo hewa ya kuyapokea katika tangi, presha hupanda hadi valvu ifunguke. Maji yakimwagika na mfumo ukapoa, geji inarudi chini kuliko ilipoanza. Mwenye nyumba anajaza tena, kesho yanamwagika tena. Huo ni mzunguko, na kila kopo la maji mapya linaleta oksijeni inayotengeneza kutu na kuipunguza nguvu dawa ya kuzuia kutu iliyomo. Baya zaidi, valvu ikishafunguka mara nyingi, uchafu hukaa kwenye kiti chake na haifungi sawasawa tena. Kwa hiyo mara nyingi hubadilishwa valvu na kujazwa tangi kwa pamoja; ukitengeneza kimoja tu, kingine kinakurudisha ulipotoka.

#9 Mjuzi Mlangoni
Ni sahihi. Maji hutanuka asilimia 10 yakichemka, ndiyo maana nguvu yake haizuiliki.

#10 Mzee wa Hamburg
Bwana Mjuzi, umechanganya na barafu. Maji yakiganda ndipo hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 hutanuka karibu asilimia 3 tu. Lakini hizo 3 ni nyingi kuliko zinavyosikika, na naomba tupige hesabu. Mfumo wenye lita 100 utaongezeka kwa lita 3. Chukua tangi la lita 8 lenye hewa ya baa 1. Ukijaza mfumo hadi baa 1 ukiwa baridi, hewa bado ina nafasi yake yote ya lita 8; zikiingia lita 3 inabanwa hadi lita 5, na geji itasoma takriban 2.2. Hapo uko salama. Ukijaza hadi 1.5 kama afanyavyo Mbayuwayu, hewa tayari imebanwa hadi lita 6.4 kabla ya moto kuwashwa. Zikiingia lita 3 zinabaki 3.4, na presha inataka kufika 3.7. Haitafika, kwa sababu valvu imeshamwaga ilipogusa 3. Maana yake ni kwamba hata tangi zima linaweza kukupa dalili hizi, ikiwa tangi ni dogo kwa nyumba na mkono wa mjazaji ni mzito. Shusha ujazo hadi baa 1, uone.

#11 Fundi Kisiki
Mzee, hesabu ni safi lakini umeianzisha kwa joto lililo juu mno. Nyuzi 80 ni za maji yanayotoka kwenye boila. Yanayorudi ni ya baridi zaidi, na boila za kisasa hupangwa makusudi yarudi chini ya nyuzi 55 hivi ili mvuke ulio katika moshi ugeuke maji na joto lake lisipotee. Wastani wa mfumo mzima ukiwa nyuzi 60 na kidogo, ongezeko ni karibu lita 2, siyo 3. Rudia hesabu kwa lita 2 na utapata takriban 2.6 ukianzia 1.5. Valvu haifunguki. Na kiwango cha 1 hadi 1.5 ndicho kilichoandikwa katika vitabu vingi vya boila.

#12 Mzee wa Hamburg
Nakubali wastani, ila 2.6 na hiyo 2.8 aliyoisoma ni jirani wa ukuta mmoja. Hujathibitisha kwamba tangi lake limekufa. Umethibitisha kwamba linaweza kuwa hai. Kwetu boila iko chini, katika chumba cha ardhini, na tangi ni kubwa limening'inizwa ukutani waziwazi, kwa hiyo mtu hugonga kwa kidole: upande wa hewa unalia tupu, upande wa maji unatoa mlio mzito. Ninyi mmelificha nyuma ya boila halafu mnaliagulia.

#13 Kwale Kwetu
Habari kutoka Minneapolis. Mbona huku geji yangu inasoma 12 ikiwa baridi na fundi anasema ni sawa, na valvu hufunguka kwenye 30? Ninyi mnaishi kwa 1.5. Ama mfumo wenu ni dhaifu sana?

#14 Chepe wa Kimara
Ndugu, hizo zako ni pauni kwa inchi ya mraba. Pauni 12 ni kama baa 0.8, na 30 ni kama baa 2. Valvu yako hufunguka mapema kuliko yao. 

#15 Nyanda
Niko Glasgow. Watu wote hapa wametaja njia mbili, sakafu na valvu, na kuna ya tatu ambayo haiachi doa popote. Boila za kisasa zina bomba la plastiki jeupe linalomwaga maji yatokanayo na mvuke wa moshi, ambalo huingia moja kwa moja katika mfereji wa maji machafu. Kibadilisha joto, yaani sehemu ya boila ambamo moto hupasha maji, kikipasuka ufa mwembamba, maji ya rediata hupenya humo na kuondoka pamoja na hayo mengine, na huwezi kuyatofautisha kwa macho boila ikiwa inawaka. Kipimo ni kuzima boila ipoe kabisa, kulifungua bomba hilo na kuweka ndoo chini. Boila iliyozimwa haina moshi, kwa hiyo haina sababu ya kuendelea kudondosha maji saa baada ya saa. Kwa mama mkwe wangu ndivyo ilivyokuwa, baada ya mafundi kukaza nati za rediata zote bila faida.

#16 Sayari7
Na kuna watu ambao kwao kila tatizo ni boila, kwa sababu boila inaonekana na sakafu haionekani. Narudia, zege.

#17 Mpangaji Mstaarabu
Kwa nini msimwambie anunue ile dawa ya kuziba matundu inayomiminwa ndani ya mfumo? Rafiki yangu aliitumia, presha ikatulia majira yote ya baridi.

#18 Nyanda
Kwa tundu la sindano ndani ya bomba huenda ikasaidia. Kwa tangi lisilo na hewa haina inachokiziba, na kwa valvu ya usalama inatisha: hutaki kitu cha kuganda kikae katika kifaa pekee kinachozuia mfumo kupasuka. Rafiki yako alikuwa na tundu. Mbayuwayu hajui bado alicho nacho.

#19 Mama Tumu
Kabla hamjampeleka mbali, je, ile hosi ya kujazia mfumo maji, yenye waya wa kusuka, koki zake za pande zote mbili zimefungwa? Kwa dada yangu koki moja ilikuwa ikipitisha kidogo kidogo, presha inapanda usiku kucha, valvu inamwaga, halafu wanalalamika kwamba inashuka.

#20 Fundi Kisiki
Swali zuri mno, na maji ya Reading ni magumu, yenye chokaa inayokaa kwenye koki zisifunge barabara. Kanuni za maji za hapa zinataka hosi hiyo iondolewe baada ya kujaza, lakini nyumba tisa kati ya kumi nazikuta imeachwa. Mbayuwayu, ifungue uitoe kabisa na uweke vizibo. Kisha zima boila, subiri kila kitu kipoe, jaza hadi 1.5, toa hosi, funga koki mbili zilizo chini ya boila za kwenda na kurudi kwa rediata, ulale. Geji iko upande wa boila. Ikishuka usiku koki zikiwa zimefungwa, upotevu umo ndani ya boila. Ikisimama, kisha ikaporomoka unapofungua koki, upotevu uko katika mabomba. Kava la boila usiliguse, kwani katika boila kadhaa kava lenyewe ndilo linalozuia moshi usitoke.

#21 Mbayuwayu
Nimerudi na matokeo. Hosi ilikuwa imeachwa, nimeitoa. Mfuko wa nje umeshika maji kiasi cha nusu kikombe. Kipimo cha koki: niliacha 1.5, asubuhi nikakuta 1.1, nilipofungua koki ikashuka hadi 0.8. Sasa ni boila au ni mabomba?

#22 Sayari7
Nusu kikombe! Mfumo mzima unapoteza baa nzima kwa nusu kikombe? Hayo mengine yako chini ya miguu yako, na hiyo 0.8 ndiyo ushahidi.

#23 Mzee wa Hamburg
Hapana, nusu kikombe inaweza kutosha, na hapa ndipo naanza kumwelekea Fundi Kisiki. Tangi likiwa na hewa ya kutosha, kushuka kutoka 1.5 hadi 1 kunahitaji kupoteza lita 1.6 za maji, kwa sababu hewa inaendelea kuyasukuma. Tangi likiwa halina hewa, mfumo umejaa maji ambayo hayabanwi, na upotevu mdogo sana huangusha mshale. Yaani ukubwa wa anguko hauonyeshi ukubwa wa tundu. Badala ya kupima mshale, pima maji unayojaza. Yakiwa vikombe viwili vitatu kuirudisha 1.5, tangi limekufa. Yakiwa lita kadhaa, mwite mwenye kamera ya joto.

#24 Nyanda
Kushuka hadi 1.1 koki zikiwa zimefungwa kunaonyesha boila, lakini ama ni valvu ya usalama ama ni kibadilisha joto, na mfuko unajibu nusu tu. Umepima ndoo?

#25 Mpangaji Mstaarabu
Je, siku aliyopima mfumo ulikuwa umepoa kweli? Kama bado ulikuwa vuguvugu, maji yamesinyaa yenyewe usiku, na hizo 0.4 hazina maana yoyote.

#26 Fundi Kisiki
Hoja ya Mpangaji ni nzito, na nina ya pili: koki za miaka mingi hazifungi asilimia mia. Zikipitisha kidogo, pande zote mbili zitashuka na kipimo kinakosa jibu la mkataa. Kwangu mimi hatua inayofuata ni fundi aliyesajiliwa kuondoa presha yote ya maji, kuacha tundu la kumwagia wazi, kisha kupima hewa ya tangi. Akibonyeza ile valvu kama ya tairi yakatoka maji badala ya hewa, mpira umepasuka na mjadala wa tangi umefungwa. Ikitoka hewa, ajaze hadi kiwango cha kitabu na abadilishe valvu ya usalama hapo hapo.

#27 Kwale Kwetu
Na kama ametoa upepo kwenye rediata wiki hii? Kila ukitoa upepo presha inashuka. Tena maji mapya yana hewa iliyoyeyuka, inatoka yakipata moto, ikipitia valvu ya kutolea hewa. Siku za kwanza baada ya kujaza, kushuka kidogo si uvujaji.

#28 Mbayuwayu
Rediata ya juu nimeitoa upepo, ndiyo, kabla ya kipimo. Fundi wa kadi amekuja jana: tangi lilitoa hewa kidogo bila maji, amelijaza hadi baa 1 na kubadilisha valvu ya usalama. Sasa ikiwa ya moto inasimama 1.9. Mfuko wa nje ni mkavu. Leo asubuhi, ikiwa baridi, imesoma 1.3 badala ya 1.5.

#29 Fundi Kisiki
1.9 ni habari njema. Hiyo 0.2 iache kwanza, ni hewa inayotoka.

#30 Nyanda
Au ni ufa wa kibadilisha joto ambao ulikuwa umefichwa na kelele za valvu. Ndoo, ndugu yangu. Ndoo.

#31 Sayari7
Vua viatu utembee sebuleni boila ikiwa imewaka muda mrefu. Anza karibu na ngazi.

#32 Chepe wa Kimara
Nami nimejaza hewa tangi langu la pampu kwa ushauri wa uzi huu, bila kulipa ada ya kuitwa. Mbayuwayu, kesho tuletee namba, na useme umejaza maji kiasi gani.